Saa ya ukutani kutoka Ujerumani haiisikii redio yake Kisumu

Katika kazi yangu ya ufundi wa elektroniki hapa Kisumu, huletewa saa za ukutani zilizotumwa na ndugu walioko Ujerumani. Lalamiko ni lile lile: ukitia betri, mishale inakimbia yenyewe hadi saa sita kamili, inasimama, kisha baadaye inaanza kwenda kana kwamba ndiyo kwanza ni adhuhuri. Saa hiyo si mbovu. Inasubiri redio.

Ndani yake mna fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ni antena ya kunasa DCF77, mtambo wa redio unaotangaza saa za Ujerumani kutoka Mainflingen karibu na Frankfurt, kwenye kilohezi 77.5. Saa hutumwa kama ujumbe wa sifuri na moja. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hupunguzwa: kwa sekunde 0.1 ikiwa ni sifuri, 0.2 ikiwa ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika nguvu haipunguzwi, na pengo hilo ndilo linaloiambia saa kwamba dakika mpya inaingia.

Mawimbi hayo hufika kilomita 2,000 hivi. Kutoka huko hadi kwetu ni kama 6,000, kwa hiyo kuitundika saa dirishani ni kujisumbua bure. Hata ingenasa, ingekupa saa za Ujerumani, zilizo nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto.

Asiyetaka makuu aipange kwa mkono na kuzima upokeaji, kama swichi ipo, isije ikala betri kwa kusaka mawimbi kila usiku.

Mimi hupenda kuihadaa. Bodi ndogo ya ESP32, yaani kikompyuta cha kuandikiwa programu, huchukua saa kwenye intaneti kupitia waifai, kisha pini yake moja hulisha koili ya waya mawimbi ya kilohezi 77.5. Weka saa sentimita chache tu kutoka hapo, koili na fimbo zikielekea upande mmoja, mbali na chaja za simu na balbu za LED. Nguvu iwe ndogo kabisa. Hiyo si ruhusa ya kufungua kituo cha redio. Kwenye programu andika saa za Kenya moja kwa moja, na ukumbuke kwamba ujumbe hutaja dakika inayokuja. Ukituma iliyopo, saa itachelewa dakika nzima.

Saa iliyotoka Uingereza haitaelewa haya: yenyewe husikiliza MSF, mtambo wa saa wa Uingereza ulioko Anthorn, kilohezi 60, na msimbo wake ni mwingine.