Kwa nini waokoaji huzima mitambo: ufafanuzi kuhusu utafutaji wa manusura

Kutokana na malalamiko yanayojirudia kwamba waokoaji "wanasimama tu" ilhali watu wamefukiwa, tunaona ni vyema kufafanua taratibu za utafutaji.

Baada ya tetemeko la ardhi la Nepal la Aprili 25, 2015, lenye ukubwa wa 7.8, wanaume wanne waliokolewa huko Chautara kwa msaada wa FINDER, kifaa cha rada kilichobuniwa na maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Kifaa hicho hurusha mawimbi hafifu ya maikrowevu kwenye kifusi, kisha huchambua yanayorudi ili kutambua mtikisiko mdogo wa mwili unaosababishwa na pumzi na mapigo ya moyo, hata kama aliyefukiwa amepoteza fahamu. Vipo pia vinasa mtikisiko, ambavyo hubandikwa kwenye zege na kunasa sauti hafifu ya mtu anayegonga kuomba msaada. Vyote huvurugwa na nyayo, jenereta na, tuseme wazi, watu wanaopanda juu ya kifusi kupiga picha; ndiyo maana mitambo huzimwa na waokoaji husimama.

Kwa mujibu wa taratibu za INSARAG, kundi la kimataifa la ushauri wa utafutaji na uokoaji chini ya Umoja wa Mataifa, mlio mmoja mrefu wa honi wa sekunde 3 huamuru kazi isimame na watu wote wanyamaze. Mlio mrefu ukifuatiwa na mfupi, kazi huendelea. Milio mitatu mifupi inayorudiwa maana yake ni kuondoka mara moja, na hapo hakuna mjadala.

Matope ni jambo jingine. Katika maporomoko ya Hanang, Tanzania, ya Desemba 2023, tope lilifunika makazi ya Katesh. Tope lenye maji hufyonza mawimbi ya rada na huziba nafasi za hewa ambazo zege lililovunjika huziacha. Kudai mashine ile ile itumike kila mahali hakusaidii.

Vivyo hivyo, kumtafuta mtu kupitia simu yake kuna mipaka: mnara wa simu hukadiria eneo, hauonyeshi chumba. Taarifa ya jirani ina thamani kubwa zaidi: unapopiga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, taja idadi ya waliokuwamo, ghorofa na upande walikolala, na ubaki karibu na msimamizi wa eneo, nje ya utepe, ili uweze kuulizwa tena.