Kabla hujang'oa boksi la chujio la hewa

Kijana mmoja kaniletea Subaru Impreza isiyo na turbo, ana furaha tele. "Fundi, hebu sikia linavyovuta!" Boksi la chujio la hewa limeng'olewa, mahali pake pamefungwa chujio la wazi lenye umbo la koni, juu ya bomba la alumini. Aliuziwa kama mfumo wa kuingiza hewa baridi. Nikachomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, tukatoka hadi Ubungo.

Nje joto lilikuwa nyuzi 31. Tulipokwama kwenye foleni, hewa inayoingia kwenye injini ikasoma 63. Koni ilikaa wazi chini ya boneti, ikivuta joto lote la redieta na injini. Hewa ikipata moto hutanuka, kwa hiyo kwa ujazo uleule, hewa ya nyuzi 63 ni pungufu kwa karibu asilimia 10 ya uzito kuliko ya nyuzi 31. Na injini huchoma mafuta kwa kadiri ya uzito wa hewa: gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 hivi. Tulipochanganya mwendo, joto la hewa hiyo lilishuka, likagoma kwenye 44. Kesho yake nikarudisha boksi la kiwandani, barabara ileile: 36.

Nilimwonyesha sababu kwa kidole. Mdomo wa boksi la kiwandani uko mbele kabisa, juu ya redieta, unapokea hewa ya nje kabla haijapashwa moto. Gari lake lilikuwa na hewa baridi tangu litoke Japani. Na kile kiboksi kingine cha plastiki kwenye njia ya hewa, resoneta, ambacho mafundi wengi hukitupa, kazi yake ni kumeza mngurumo wa hewa. Ukikitoa, unasikia kelele iliyokuwepo siku zote, na sikio linaihesabu kuwa nguvu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo ni sensa ya hewa, inayoiambia kompyuta ni hewa kiasi gani inaingia. Ina waya mwembamba wenye moto, na imepimwa kwa kipenyo cha bomba lake. Ukiweka bomba pana, hewa hupita polepole, sensa inaona kidogo, kompyuta inapunguza mafuta. Sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi, husahihisha, lakini ina mpaka. Ukivukwa, taa ya injini inawaka. Chujio la pamba lililolowekwa oili kupita kiasi nalo huuchafua waya uleule. Nimesafisha nyingi za namna hiyo, na nyingine zimekataa kupona.

Mifumo ya kweli ya hewa baridi ipo. Chujio hushushwa nyuma ya bampa, mbali na joto. Ila kwa Dar ya masika, ukipita bonde la Jangwani likiwa limefurika, chujio hilo linakunywa maji kabla hujajua kina chake. Maji hayagandamiziki, pistoni ikigonga maji, konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda.

Mimi hufunga mfumo mpya kwenye injini ya turbo iliyoongezwa presha na kupangiwa mafuta upya, kwa sababu huko boksi la zamani huweza kweli kuinyima injini hewa. Tena nafunga wenye chujio lililofungiwa ndani ya boksi.

Kwa Impreza ile tulinunua chujio jipya la karatasi, na klipu mbili za boksi zilizokuwa zimevunjika. Mdomo wa mbele tuliukuta kwenye buti, umefungwa kwenye gazeti.