Mgahawa wa Kihindi London: anza kwa kuuliza ni wa watu wa wapi

Ukiwa katikati ya London ukaandika "mgahawa wa Kihindi" kwenye ramani ya simu, utaletewa majina chungu nzima, na karibu yote yana nyota nne na ushei. Hapo hujasaidika, kwa sababu swali lenyewe ni pana mno. Mpishi wa Kerala anaegemea nazi na majani ya kari, wa Punjab siagi na tanuri, wa Gujarat unga wa dengu na utamu kidogo wa sukari guru ndani ya mchuzi. Kuwaweka wote kapu moja ni sawa na mgeni kufika Afrika Mashariki akaulizia "chakula cha Kiafrika", kana kwamba matoke na wali wa nazi hutoka jiko moja.

Migahawa mingi iliyoandikwa "Indian" Uingereza kwa miaka mingi imeendeshwa na watu wa Sylhet, Bangladesh, na mtaa wake maarufu ni Brick Lane. Walichokijenga ni mtindo wao maalumu wa jikoni. Vitunguu vingi huchemshwa mapema pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na bizari, vikasagwa mpaka vikawa rojo laini, na hilo rojo moja huhudumia siku nzima. Ukiagiza, mpishi anachota rojo, anatia kikaangoni pamoja na nyama iliyokwisha kupikwa, na ndani ya dakika chache sahani iko mezani. Ikiongezwa krimu na nazi ni korma, ikizidishwa pilipili ni madras, ikizidishwa tena ni vindaloo. Kuna wanaokipenda chakula hiki kwa dhati, na kikipikwa vizuri ni kitamu. Lakini kimebuniwa kwa ulimi wa Mwingereza, na aliyekulia pwani yetu akila biriani na kachori mara nyingi hutoka hapo akijiuliza bizari imepotelea wapi.

Mtindo huo utautambua kwenye menyu kabla hujavuta kiti. Safu moja imeorodhesha kuku, kondoo na kamba, na nyingine majina ya michuzi, kila kimoja kinaungana na kila kingine mpaka unafika vyakula tisini. Hakuna jiko dogo linaloweza kupika michuzi thelathini tofauti kila siku. Natafuta menyu fupi, au menyu ndefu yenye majina yanayotoka sehemu moja ya India. Anayekusimamia mlangoni akikuahidi punguzo la bei, mpite.

Basi tafuta kwa jina la chakula. Andika dosa (chapati nyembamba ya unga wa mchele uliochachuka), appam (mkate laini wa mchele na nazi), dhokla (andazi la mvuke la unga wa dengu) au nihari (mchuzi wa nyama iliyopikwa polepole), na ramani itakupeleka kwenye mitaa ambako wenyewe wanaishi. Kwa vyakula vya Kusini mwa India na vya Watamil wa Sri Lanka, shuka Tooting Broadway au Tooting Bec kwenye njia ya treni ya Northern, au uende East Ham kwa njia ya District. Vya Kipunjabi viko Southall, na siku hizi njia ya Elizabeth inakufikisha haraka. Nyama za kuchoma za Kipakistani ziko mitaa ya Whitechapel. Ukiwa huna muda wa kutoka mjini, Drummond Street iko dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha Euston na ina vyakula visivyo na nyama vya bei nafuu. Ukifika mtaani, tazama majirani wa mgahawa. Duka la sari, sonara, na duka la mboga lenye majani mabichi ya kari na bamia changa mlangoni ni dalili kwamba mpishi ana wateja ambao mama zao wanapika chakula hichohicho, na huyo hadanganyiki kirahisi.

Ukiwa Southall, pita pia kwenye gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, kubwa ya Havelock Road. Masingasinga hulisha kila anayeingia bila malipo. Utafunika kichwa na kuvua viatu. Dali yao itakupa kipimo cha kulinganishia dali zote utakazolipia.

Mgahawa mpya mimi huupima kwa chakula kimoja, na wa Kusini huupima kwa dosa, kwa sababu dosa haina mahali pa kuficha uvivu. Mchele na urad, punje za jamaa ya choroko zilizomenywa ganda lake jeusi, huloweshwa kila kimoja peke yake kwa saa 4 hadi 6. Kipimo cha kawaida ni vikombe 3 vya mchele kwa kikombe 1 cha urad, pamoja na kijiko kidogo cha uwatu. Husagwa, hutiwa chumvi, huachwa vichachuke saa 8 hadi 12. Anayepika vitumbua ameshaelewa. Tatizo ni baridi. Januari ya London haichachui kitu kwa muda huo ukiacha ndoo juu ya meza, kwa hiyo jiko makini hutafuta kona yenye joto au husubiri zaidi. Jiko lenye haraka hutia magadi.

Tofauti inaonekana sahani ikifika. Dosa nzuri ina miduara ya kahawia upande uliogusa chuma, kwa kuwa mpishi humimina unga katikati ya bamba la moto na kuusukuma nje kwa mgongo wa upawa, akizunguka. Upande wa ndani una vitundu vidogo na ulaini kidogo. Ivunje pembeni: inapasuka kwa sauti, na inanukia uchachu mwepesi. Ikiwa nyeupe, kavu kama karatasi na haina kitundu hata kimoja, unga haukuchachuka. Ikiacha ladha kama ya sabuni kooni, ni magadi. Uile papo hapo, na usiagize ya kubeba, kwani mvuke ndani ya boksi huilainisha kabla hujafika kituoni. Halafu onja chatne ya nazi inayoletwa nayo. Iwe nyeupe, nzito, juu yake haradali na majani ya kari yaliyokaangwa. Nazi haivumilii kulala, watu wa pwani mnajua, na chatne ya jana hujitaja kwenye ulimi mara moja.

Kwa Wapunjabi kipimo ni naan. Tanuri la udongo likishika moto wake, mkate hubandikwa ukutani na kuiva kwa dakika moja au mbili. Upande uliobandikwa hutoka bapa na mkavu, wa juu una malengelenge yenye madoa meusi. Mkate uliobadilika rangi sawasawa pande zote umepikwa kwenye kikaango au umepashwa tu.

Kwenye biriani, tahadhari na mazoea yetu. Ya Mombasa na Zanzibar mchuzi mzito hupakuliwa kando na wali, na ukiitumia kupimia ya Hyderabad utaionea. Katika hiyo ya Hyderabad, nyama mbichi iliyokolezwa hulazwa chini, wali ulioiva nusu juu yake, sufuria ikazibwa kwa kinyunya ili mvuke usitoke. Wali wake huwa na punje nyeupe, za manjano na zilizokolea bizari, bila mpangilio. Wali wote ukiwa rangi moja kama umepakwa, umekorogwa na mchuzi dakika uliyoagiza. Mgahawa unaokwambia biriani imekwisha saa nane mchana unastahili kurudiwa kesho yake mapema.

Maoni ya mtandaoni yasome kuanzia mapya, maana mpishi akihama nyota zake hubaki ukutani. Ruka anayesema "chakula kitamu, wahudumu wazuri". Sikiliza anayetaja sahani kwa jina. Picha za wateja zina thamani kuliko picha za mgahawa wenyewe. Malalamiko kwamba pilipili ilizidi au hakuna pombe hayanitishi hata kidogo. Ya kuumwa tumbo yananitisha. Kuhusu usafi, kila mgahawa hupewa alama kutoka 0 hadi 5 baada ya ukaguzi. England sheria haiwalazimishi kuibandika mlangoni, kwa hiyo usipoiona itafute kwenye tovuti ya Food Standards Agency kwa jina la mgahawa. Chini ya 3, mimi siingii.

Kwa anayekula halali: migahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani kwa kawaida ni halali, lakini ya Kipunjabi uliza kila mara, kwani wapo Masingasinga ambao kwao nyama ya kuchinjwa kihalali haifai. Ya Kigujarati mingi ni ya mboga tupu, hata yai hakuna, na ukiomba chakula cha Kijaini, yaani cha wafuasi wa dini ya Jaini ya India, kitakuja bila kitunguu, kitunguu saumu wala viazi.

Na hao Wagujarati ndio nawashauri Waswahili wasiondoke bila kuwatembelea. Shuka Alperton kwenye njia ya Piccadilly, ufuate Ealing Road kuelekea Wembley. Familia nyingi za eneo hili zilitoka Kenya miaka ya 1960, na Uganda baada ya amri ya Idi Amin ya Agosti 1972, wakaja na maneno yetu jikoni mwao: sufuria, kisu, na mogo, yaani muhogo. Kwenye menyu utakuta mogo wa pilipili, mishkaki kwa wanaopika nyama, kuku paka wa tui la nazi, na bajia za viazi vilivyokatwa vyembamba vikavikwa unga wa dengu na kotimiri kama zinavyopikwa Nairobi. Mogo mwingi hapa ni wa kugandishwa, na hilo si kosa. Kosa ni kuutupa kwenye mafuta bila kuuchemsha kwanza ukalainika: nje unakuwa mwekundu, ndani mgumu kama chaki. Uliopikwa sawa unapasuka ukiuvunja, ndani mweupe na wa unga, na ule uzi wa katikati umeshatolewa. Agiza na chatne ya ukwaju. Bili ikija, angalia chini kabisa: migahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 ya huduma, na kwa kawaida ni ya hiari. Ikiwa hukuhudumiwa vizuri, omba kwa adabu iondolewe. Ikiwa imeshawekwa, huna haja ya kuacha bakshishi nyingine.