Unachokijua wewe na kinachojulikana na simu

Hapa kwenye dawati la maktaba, swali linalonijia sana siku hizi ni hili: "Makala hii naipata wapi?" Mwanafunzi ana jina la mwandishi, mwaka, jarida, hata namba za kurasa. Tunaitafuta pamoja. Mwandishi yupo, jarida lipo, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Ameulizia programu ya akili mnemba, nayo ikamtungia rejea zinazofanana na za kweli.

Wazee wenzangu husema vijana wamekuwa wavivu. Mimi sioni hivyo. Huyu kijana kakesha na kazi yake. Kinachomsumbua ni kwamba haoni tena mpaka kati ya anachokijua yeye na kinachojulikana na simu yake.

Mwaka 2011, Betsy Sparrow na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Science. Watu walichapa sentensi 40 za maarifa ya kawaida kwenye kompyuta. Walioamini kuwa zitafutwa walizikumbuka vizuri zaidi kuliko walioamini zitahifadhiwa. Hilo halinitishi sana, maana hata daftari lilitufanyia hivyo. Linalonikosesha raha ni la mwaka 2015, la Matthew Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale. Watu waliotafuta mtandaoni maelezo ya vitu kama zipu inavyofanya kazi walijipa alama za juu zaidi walipoulizwa wangeweza kueleza kwa kiasi gani mambo mengine kabisa, ambayo hawakuyatafuta. Kule kutafuta tu kuliwapa hisia ya kujua. Ndiye yule anayeingia chumba cha mtihani akiamini amesoma, kumbe aliperuzi.

Dawa yake ni rahisi, ingawa haipendwi: kabla ya kufungua simu, andika kwenye karatasi unachokijua kuhusu mada. Ukimaliza kusoma, funga simu uandike tena.

Kupima ukweli wa tovuti nako kuna ufundi wake. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu 45 tovuti za kuchunguza: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya ukurasa wakiangalia nembo, mpangilio na jina la tovuti. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti ile. Walimaliza mapema na hawakudanganyika.

Kwetu kuna jambo ambalo Stanford halikuwasumbua: bando. Kufungua kurasa tano kuhakiki moja ni gharama, na mwanafunzi mwenye MB chache ataamini alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Ndiyo maana nawasihi, kazi ya kuhakiki ifanyeni kwenye mtandao wa chuo. Nyumbani mkasome mlichokwisha kupakua.

Kuhusu maneno ya kutafutia, kosa ni lilelile kila muhula: mtu ananakili swali zima la mwalimu na kulibandika. Vunja swali. Ukiandika "mtama" utaletewa uji na mapishi. Andika jina la kisayansi, Sorghum bicolor, pamoja na jina la ugonjwa au wadudu unaowachunguza, tafiti zitajitokeza.

Na zile rejea za kutungwa? Weka kichwa chote cha makala ndani ya alama za kunukuu, kisha kitafute. Makala nyingi za majarida ya sasa zina namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, inayoanza na 10. Iingize kwenye doi.org uone inakupeleka wapi, kwa sababu nayo huweza kutungwa, au ikawa ya makala nyingine. Isipoonekana popote, ifute kwenye kazi yako kabla msimamizi hajaiuliza, kisha uje dawatini. Mara nyingi tunapata nyingine, iliyoandikwa kweli, kuhusu jambo lilelile.