Uamsho wa Wales haukuanza usiku mmoja

Ujumbe huu huzunguka sana kwenye makundi ya gumzo: kwamba makanisa ya Wales yalikuwa yamekufa kabisa, kisha usiku mmoja wa 1904 nchi nzima ikaamka kiroho, bila dalili yoyote kabla yake.

Uamsho wenyewe ni wa kweli, na ulikuwa mkubwa. Ila haukuanza hivyo. Wales ilishapitia uamsho mwingine mwaka 1859, na wazee walioushuhudia bado walikuwapo, wakiuombea urudi. Mapema mwaka 1904, vijana wa New Quay, mji mdogo wa pwani ya Wales, walikuwa tayari na mikutano iliyochangamka. Mikutano ya Loughor, kusini mwa Wales, inayotajwa sana, ilianza mwishoni mwa Oktoba. Kasi ya uamsho ikaanza kupungua ndani ya mwaka 1905.

Kuhakikisha si vigumu. Magazeti ya Wales ya wakati huo yamehifadhiwa, na mengi husomwa bure kwenye intaneti. Tazama tarehe: habari za mikutano zinaongezeka wiki hadi wiki.

Mkanganyiko unaeleweka. Msimuliaji wa ushuhuda hukumbuka usiku aliobadilika yeye, na simulizi ikipita midomo mingi, usiku ule unakuwa wa taifa zima. Kinachoniuma ni kwamba waliokesha wakiomba miaka mingi wanafutwa kwenye historia.

Ukiupokea ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyekutumia, kwa upole, kuhusu 1859 na New Quay.