"Jeni iko hapa" na "jeni inadhihirika hapa"

Sentensi hii inasikika mno, darasani Newala na barazani Mtwara mjini: "Wamegundua jeni iliyoko sehemu fulani ya ubongo." Jeni hiyo iko ubongo mzima, iko kwenye ini, iko hata kwenye ngozi ya kisigino. Ramani ya ubongo kwa udhihirisho wa jeni huonyesha mahali seli zinapoinakili jeni kuwa RNA, yaani nakala ambayo seli huitumia kutengeneza protini, basi.

Tatizo limeanzia kwenye neno. Wako wanaosema "usemi wa jeni", na msikilizaji anabaki kujiuliza jeni inasema nini. "Udhihirisho" limekaa vizuri zaidi. Shina lake ni dhahiri, neno la Kiarabu la kitu kilicho wazi, na kitu hudhihirika kikiwa tayari kilikuwapo. Mkulima wa korosho analijua hili kwa mikono yake. Kikonyo ni kijiti tu, hakina ua wala bibo. Kibebeshe kwenye mche, baada ya miaka michache kinatoa mabibo na korosho za mti kilikokatwa. Jeni za bibo zilikuwamo kijitini muda wote, zimezimwa.

Taasisi ya Allen ya Seattle, Marekani, ilikamilisha ramani ya ubongo wa panya mwaka 2006, jeni zipatazo 20,000. Ubongo uligandishwa, ukakatwa vipande vya unene wa mikromita 25, kisha kila jeni ikatafutwa kwa kipande cha RNA kilichotengenezwa kinasane na RNA yake na kuacha rangi. Jeni Prox1 huchora jairasi denteti, sehemu moja ya hipokampasi (eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu), Wfs1 huchora sehemu ya jirani, CA1. Mpaka unaonekana. Kugusa sampuli bila glavu kunatosha kuharibu kazi, kwa kuwa vidole vina vimeng'enya vinavyokata RNA.

Rangi nayo husomwa vibaya. RNA nyingi hukaa kwenye mwili wa seli, ilhali protini husafirishwa mbali. RNA ya kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe kati ya seli za ubongo, huonekana wazi kwenye substansia nigra, eneo la ndani ya ubongo yalipo miili ya seli hizo. Kwenye striatamu, eneo jingine la ubongo dopamini hiyo inakomwagwa, karibu haionekani.

Kwa hiyo mwalimu, au ndugu mtangazaji, sema "jeni hii hudhihirika zaidi hapa". Hilo "zaidi" usiliache, maana jeni nyingi zimewashwa sehemu nyingi, zikipishana kwa kiwango tu.