Filamu 72 "zilizopigwa marufuku" Uingereza: orodha ambayo haikuwa sheria

Dhana: Bunge la Uingereza lilipiga marufuku filamu 72 za kutisha.

Hakuna sheria iliyotaja filamu hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanda ya video haikuhitaji cheti. Filamu iliyokatwa vipande ili ipite sinema iliweza kukodishwa nzima dukani. Polisi walitegemea Sheria ya Machapisho Machafu ya 1959, ambayo huuliza kama kitu kinaelekea kumpotosha na kumharibu mtazamaji. Nani atapima hilo? Kanda ileile ilitiwa hatiani na mahakama moja, ikaachiwa na nyingine. Wenye maduka wakalalamika kwamba hawajui waondoe nini rafuni, ndipo mwaka 1983 Mkurugenzi wa Mashtaka akatoa orodha. Ilikuwa mwongozo tu, tena wa kubadilikabadilika: filamu ziliingia na kutoka kadiri kesi zilivyokwenda. 72 ni jumla ya zote zilizowahi kuingia. Zilizotiwa hatiani ni 39. Nyingine 33 ziliondolewa.

Dhana: Kanda isiyokuwemo kati ya hizo ilikuwa salama.

Mashtaka ya jinai yalifunguliwa chini ya kifungu cha 2 cha Sheria ya 1959, na jela ilikuwemo. Kifungu cha 3 hakikumfunga mtu: hakimu aliamuru tu kanda zitaifishwe. Filamu nyingine 82 ziliwekwa kwenye orodha ya kifungu hicho. Kwa mwenye duka, mzigo ulipotea vilevile.

Dhana: Filamu ya kutisha The Exorcist ilikuwa kwenye orodha.

Haikuwemo kamwe. Iliyoiondoa madukani ni Sheria ya Rekodi za Video ya 1984, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Sheria hii ilidai kila kanda ipate cheti cha BBFC, bodi ya Uingereza ya kuainisha filamu, kuanzia Septemba 1985. Za zamani zilipewa muda hadi Septemba 1988. Isiyo na cheti haikuhitaji kushtakiwa kwa uchafu. Kuikodisha kulikuwa kosa tosha, faini hadi pauni 20,000. Bodi iliagizwa pia izingatie kwamba video hutazamwa nyumbani, ambako mtu hurudisha nyuma na kurudia tukio moja apendavyo, na watoto wapo. Kwa hiyo filamu iliyokubalika sinema iliweza kukwama kwenye video. The Exorcist ilisubiri hadi 1999. Kwa maoni yetu, kukosa cheti cha BBFC kulibana kuliko orodha yenyewe.

Dhana: Kuwa na kanda hizo nyumbani kulikuwa kosa.

Sheria ya 1984 ililenga usambazaji. Kumpa rafiki bure, nje ya biashara, hakukuguswa. Ndiyo maana nakala za nakala zilizagaa, rangi zimefifia na picha inacheza.

Dhana: Utafiti ulithibitisha kwamba watoto wengi walizitazama.

Ripoti ya 1983 ilidai karibu watoto wanne kati ya kumi, kwa kutegemea dodoso lenye majina ya filamu. Mwanasaikolojia Guy Cumberbatch alijaribu njia hiyo kwa majina ya kubuni: asilimia 68 ya watoto walisema wameona filamu ambazo hazipo.

Dhana: Angalau Sheria ya 1984 ilikuwa imara.

Mwaka 2009 iligundulika kwamba serikali haikuiarifu Tume ya Ulaya kama ilivyotakiwa, hivyo haikuweza kutekelezwa dhidi ya mtu yeyote. Bunge likalazimika kuifuta na kuirudisha upya Januari 2010.